Si Kibo wala Mawenzi: grafu ya kipeo cha pili inaanzia katikati

Asubuhi ambayo mawingu hayajaufunika mlima, ukiwa Moshi mjini unauona wote: Kibo upande wa kushoto, kilele chake bapa kama kimekatwa kwa panga, Mawenzi upande wa kulia, kimechongoka kama jino. Vilele hivyohivyo viwili vimejaa kwenye madaftari ya grafu, ila vimepinduliwa juu chini. Mwanafunzi wa kwanza anaunganisha nukta zake mbili za chini kwa rula, pale chini panakuwa bapa: amechora Kibo. Wa pili anashusha mstari hadi nukta ya chini kabisa, anageuza ghafla na kupanda: amechora Mawenzi. Parabola, yaani mchoro wa mlinganyo wa kipeo cha pili, haina ubapa wala ncha kali. Inageuka taratibu, na inageuka mahali pamoja tu, panapoweza kukokotolewa kabla hata penseli haijagusa karatasi.

Mahali hapo ni katikati ya mchoro, na ndipo kila kitu kingine kinapotokea: jedwali, mchoro, ile kanuni ndefu ambayo watu huikariri kama wimbo, hata swali la bei gani itamlipa muuza nguo. Anayeshika katikati kwanza hupunguza kazi kwa nusu. Anayeanzia pembeni hufika, ila amechoka.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni jinsi somo lilivyopangwa. Kwa miaka mingi milinganyo ya kipeo cha pili imefundishwa Kidato cha Pili, halafu grafu za fanksheni zikaja Kidato cha Tatu, kana kwamba ni mada mbili zisizojuana. Ongeza na kwamba mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu kwa Kiswahili, akafika sekondari akakuta kila neno limebadilika. Mlinganyo na grafu yake ni kitu kimoja. Kuutatua x² − 3x − 4 = 0 ni kuuliza: mchoro wa y = x² − 3x − 4 unakata mhimili wa x wapi? Basi.

Tukae na mfano huohuo, x ikianzia −2 hadi 5. Jedwali lake ni hili:

x: −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4, 5
x²: 4, 1, 0, 1, 4, 9, 16, 25
−3x: 6, 3, 0, −3, −6, −9, −12, −15
−4: −4, −4, −4, −4, −4, −4, −4, −4
y: 6, 0, −4, −6, −6, −4, 0, 6

Andika mistari yote mitano, usiruke kwenda kwenye y kwa hesabu ya kichwa. Ukikosea, utajua kosa liko mstari gani.

Kosa linaloongoza liko kwenye namba ya kwanza kabisa, pale x ilipo −2. Wengi huandika x² = −4, kisha −4 + 6 − 4 = −2. Si uzembe tu. Shule ya msingi tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Angalia vizuri: vipeo havimo. Mtoto anaingia sekondari na mpangilio usiomwambia kipeo kinakokotolewa lini. Kipeo kinakaa baada ya mabano na kabla ya kugawanya, na unapoweka −2 mahali pa x unaiweka ikiwa ndani ya mabano yake: (−2)² ni (−2) × (−2), ambayo ni 4. Kikokotoo nacho (cha hesabu, si kile cha pensheni) hukutega hapohapo: ukibonyeza alama ya kutoa, 2, kisha kipeo cha pili bila mabano, vingi vitakupa −4, kwa sababu vinatafuta mraba wa 2 kwanza halafu vinaweka alama. Kikokotoo hufuata ulichobonyeza, si ulichokusudia.

Upande wa pili wa kosa hilo ni mlinganyo unaoanza na alama ya kutoa, kama y = −x² + 4x. Hapa ile alama iko nje. Kwa x = −1, mraba ni 1, alama inakuja baadaye inakuwa −1, halafu 4 × (−1) ni −4, jumla −5. Aliyejifunza kwamba "hasi mara hasi ni chanya" bila kujua lini, ataandika 1 − 4 na kupata −3. Kwa hiyo kabla ya kila namba hasi jiulize: alama hii ni ya x, au ni ya mlinganyo?

Jedwali lina njia mbili za kujikagua na zote ni za bure. Ya kwanza ni ulinganifu. Soma mstari wa y kutoka kushoto: 6, 0, −4, −6. Sasa soma kutoka kulia: 6, 0, −4, −6. Ni yaleyale. Aliyeandika −2 mwanzoni angeona upande mmoja unaanza na −2 na mwingine unaishia na 6, akajua pana shida. Ya pili inafanya kazi hata kama jedwali halikukatwa sawasawa pande zote. Toa kila y kwenye inayoifuata: −6, −4, −2, 0, 2, 4, 6. Tofauti hizo zinapanda kwa 2 kila hatua, bila kuruka. Kwa mlinganyo wowote wa kipeo cha pili, x ikiongezeka kwa 1, tofauti za tofauti huwa ni namba moja tu, na namba hiyo ni mara mbili ya ile iliyo mbele ya x². Ikiwa mbele pana 3, tofauti zitapanda kwa 6. Zikivunjika mahali, nukta ya hapo ni mbovu. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na sielewi kwa nini haufundishwi siku ya kwanza.

Sasa katikati. Kwenye jedwali letu y ni −6 pale x ilipo 1, na −6 tena pale x ilipo 2. Ndipo Kibo kinapozaliwa: mtu anaona namba mbili sawa, anaziunganisha kwa rula, anaandika kwamba thamani ndogo kabisa ni −6. Lakini mchoro uliolingana pande zote mbili hauwezi kuwa na chini yake kwenye 1 wala kwenye 2. Chini yake iko katikati yao, 1.5. Weka 1.5 kwenye mlinganyo: 2.25 − 4.5 − 4 = −6.25. Hiyo ndiyo ncha, yaani nukta ambapo parabola inageuka, (1.5, −6.25), na inapaswa kuongezwa kwenye jedwali kama nukta ya tisa hata kama swali halikuiomba. Ukiwa na nukta hiyo, mkono wenyewe unakataa kuchora bapa.

Hukuhitaji jedwali kuipata. Kwa mlinganyo y = ax² + bx + c, katikati ni −b gawanya kwa 2a. Hapa b ni −3, kwa hiyo −b ni 3, na 2a ni 2. Tatu kwa mbili, 1.5. Anza na hesabu hii kabla ya jedwali, halafu chagua x zinazokaa sawasawa pande zote mbili za jibu. Ukiulizwa uchague mwenyewe x za y = x² − 12x + 30, ukachukua −3 hadi 3 kwa mazoea, utachora kipande cha mteremko tu na utashangaa parabola imekwenda wapi. Imekaa kwenye 6.

Kuchora nako kuna ufundi wake. Kwa mfano wetu x inatembea vizio 7, na y inahitaji kama vizio 14, kutoka −7 hadi 7. Kwenye karatasi ya kawaida ya grafu tumia sentimita 2 kwa kizio 1 cha x, na sentimita 1 kwa kizio 1 cha y. Mchoro mzima utakaa ndani ya sentimita 14 kwa 14, na kila milimita 2 kwenye mhimili wa x itakuwa 0.1, kiasi kwamba unaweza kusoma majibu hadi desimali moja bila kubahatisha. Skeli ya sentimita 1 kwa vizio 3 ni adui. Hakuna anayeweza kusoma theluthi za kizio kwenye vimraba vya kumi kumi. Andika skeli juu ya karatasi, andika x na y kwenye mihimili, na weka nukta kwa msalaba mdogo, si kwa tone nene la penseli butu linalofunika milimita mbili.

Halafu weka rula pembeni kabisa. Mstari huu unachorwa kwa mkono huru. Zungusha karatasi mpaka mkono wako uwe upande wa ndani wa tao. Kiwiko kinazunguka kirahisi kikiwa ndani, kikiwa nje mstari unatetemeka. Pitisha penseli hewani mara mbili tatu bila kugusa ili mkono uizoee njia, kisha chora kwa mkono mwepesi nukta tatu kwa mara moja, ukianza na ile ya ncha na majirani zake. Usisimame juu ya nukta. Ukisimama, panakuwa na kona. Miguu ya parabola isigeuke ndani kama yai, wala isinyooke kama herufi V. Inazidi kupanda wima kila unapoondoka katikati.

Inapanda kwa kiasi gani? Hapa pana mbinu nzuri kuliko jedwali. Simama kwenye ncha. Nenda kizio 1 kulia, panda 1. Nenda kizio kingine, panda 3. Kingine, panda 5, kisha 7. Namba witiri, moja baada ya nyingine, na upande wa kushoto vivyo hivyo. Kama mbele ya x² pana 2, zidisha kila hatua kwa 2: panda 2, 6, 10. Kama pana −1, unashuka badala ya kupanda. Kwa ncha na witiri unaweza kuchora parabola yoyote kwa sekunde chache, na jedwali likabaki la kuhakikishia tu.

Tuje kwenye kutatua. Kanuni kubwa ya kipeo cha pili inakaririwa nchi nzima, na inakosewa nchi nzima, kwa sababu inatolewa kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuiunde.

Chukua x² − 3x − 6 = 0. Ukijaribu kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake ni −3, hutazipata kati ya namba kamili. Sawa. Lakini katikati tunaijua: 1.5. Majibu mawili, yakiwepo, lazima yakae sawasawa pande zote mbili za katikati, kwa sababu mchoro umelingana. Moja ni 1.5 ukitoa umbali fulani, lingine ni 1.5 ukiongeza umbali huohuo. Tuuite umbali huo d. Na kwa kuwa namba iliyo mbele ya x² ni 1, zao la majibu mawili lazima liwe ile namba ya mwisho, −6. Ukizidisha (1.5 − d) kwa (1.5 + d) unapata 2.25 − d². Kwa hiyo 2.25 − d² = −6, d² = 8.25, na d ni takriban 2.87. Majibu ni 4.37 na −1.37. Hakuna kubahatisha vigawo, hakuna kukariri.

Mwaka 2019 mwanahisabati wa Marekani Po-Shen Loh aliieneza upya njia hii na ikasambaa sana mtandaoni, ingawa viungo vyake ni vya kale. Kwenye karne ya 9 huko Baghdad, al-Khwarizmi, ambaye neno aljebra limetokana na al-jabr iliyo kwenye jina la kitabu chake, alitatua mraba na kumi za upande wake zinazofanya 39, yaani x² + 10x = 39. Alichora mraba, akaigawa ile 10 nusu kwa nusu, 5 upande huu na 5 upande ule, akaona pembeni pamebaki kimraba kitupu cha 5 kwa 5. Akakijaza kwa 25. Thelathini na tisa na ishirini na tano ni 64, upande wake 8, toa 5, unabaki na 3. Hiyo ndiyo kukamilisha mraba, na sasa unaona kwa nini inaitwa hivyo: kuna mraba wa kweli uliokuwa na pengo. Jibu la pili, −13, hakulihesabu, maana upande wa mraba hauwezi kuwa hasi. Kwa lugha yetu ya katikati: −5, umbali 8, kulia 3, kushoto −13.

Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa herufi a, b na c badala ya namba, kinachotoka ndiyo kanuni yenyewe. Sehemu ya kwanza, −b kwa 2a, ni katikati. Sehemu ya pili, kipeuo cha pili cha b² − 4ac, nacho kwa 2a, ni umbali. Alama ya kujumlisha na kutoa ni kulia na kushoto. Mwanafunzi anayeisoma hivyo hawezi kuandika mstari wa sehemu chini ya kipeuo peke yake na kuiacha −b ikining'inia nje, kosa ambalo ni la kila siku, kwa sababu anajua vyote viwili vinagawanywa.

Ijaribu kwa 3x² − 5x − 1 = 0. Andika kwanza, peke yao, a = 3, b = −5, c = −1, alama zikiwemo. Mstari huo mmoja unaokoa watu wengi. −b ni 5. b² ni 25, siyo −25. Sasa −4ac: −4 × 3 × (−1) ni +12. Hapa ndipo wengi huandika 25 − 12 = 13, wakasahau kwamba c ilikuja na alama yake. Ni 25 + 12 = 37, kipeuo chake takriban 6.083. Jumla 11.083 kwa 6 ni 1.85, tofauti −1.083 kwa 6 ni −0.18. Jikague: majibu yakijumlishwa lazima yatoe −b kwa a, yaani 5 kwa 3, takriban 1.67. Yanatoa. Ukaguzi huo ni mstari mmoja, usikabidhi karatasi bila kuufanya.

Na kama d² ikitoka hasi? x² − 4x + 7 = 0: katikati 2, na 4 − d² = 7, d² = −3. Hakuna namba halisi ambayo mraba wake ni −3, na mchoro unakuambia sababu: ncha iko kwenye (2, 3), parabola inatazama juu, imening'inia vizio 3 juu ya mhimili wa x na haitaugusa kamwe. "Hakuna jibu" hapa ni jibu kamili, ilimradi uandike kwa nini. Ikitoka sifuri, parabola inaugusa mhimili mara moja na kuondoka.

Njia ya vigawo naiheshimu, lakini inapewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Ni ya haraka namba zinapokuwa rafiki. Zisipokuwa rafiki, mtu anakaa dakika kumi anatafuta kisichokuwepo. Pima kwanza: kokotoa b² − 4ac, ikiwa ni mraba kamili kama 49 au 121, vigawo vipo, vitafute. Isipokuwa, achana navyo. 2x² + 5x − 3 inatoa 25 + 24 = 49, basi vipo: zao la 2 na −3 ni −6, namba mbili zenye zao −6 na jumla 5 ni 6 na −1. Andika 2x² + 6x − x − 3, kisha 2x(x + 3) − 1(x + 3). Ile −1 iliyo nje ya mabano ndiyo inayogeuza −3 kuwa +3 ndani. Anayeandika −1(x − 3) anakuta mabano hayafanani na kudhani njia imekataa. Mwisho (2x − 1)(x + 3) = 0, majibu ½ na −3.

Kuna makosa mawili mengine ya hapa yanayogharimu alama nyingi kwa uzembe kidogo. Mtu anapewa x² = 5x, anagawanya pande zote kwa x, anapata 5, anafurahi. Amelitupa jibu la pili, 0, kwa kugawanya kwa kitu ambacho huenda ni sifuri. Hamishia kila kitu upande mmoja. La pili: (x − 2)(x + 3) = 6, anaandika x − 2 = 6 na x + 3 = 6. Hila ya mabano inafanya kazi kwa sifuri pekee, maana ni sifuri tu inayolazimisha mmoja wa wanaozidishwa kuwa sifuri. Sita inaweza kutoka kwa njia zisizo na idadi. Fungua mabano, toa 6, unapata x² + x − 12 = 0, majibu 3 na −4.

Swali linalowatisha wengi kwenye grafu ni lile linalosema: umeshachora y = x² − 3x − 4, sasa tumia mchoro huohuo kutatua x² − 4x − 3 = 0. Usichore parabola nyingine. Toa mlinganyo mpya kwenye ule uliochora: (x² − 3x − 4) − (x² − 4x − 3) = x − 1. Zile x² zinafutana, unabaki na mstari mnyoofu y = x − 1. Uchore kwa nukta tatu, (−2, −3), (0, −1) na (5, 4). Safari hii kwa rula. Pale unapokata parabola, shuka wima hadi mhimili wa x usome: karibu na 4.6 na −0.6. Kwa hesabu ni 4.65 na −0.65, na mchoro safi unafika hapo kwa tofauti ndogo sana. Kosa lake: watu husoma y ya makutano badala ya x.

Tutoke darasani twende Kiborloni, Moshi, kwenye mitumba. Tuseme mtu anauza mashati kwa sh 5,000, na kwa bei hiyo anauza 40 kwa siku. Tuseme pia kila akiongeza sh 500, wateja wanapungua mashati 2. Apandishe mara ngapi? Akipandisha mara x, bei ni 5,000 + 500x na idadi ni 40 − 2x. Mauzo ni (5,000 + 500x)(40 − 2x). Mwalimu mwenye mazoea atasema fungua mabano. Usifungue. Mabano ya kwanza yanakuwa sifuri x ikiwa −10, ya pili x ikiwa 20. Katikati yake ni 5. Bei sh 7,500, mashati 30, mauzo sh 225,000, badala ya 200,000 za mwanzo. Parabola hii inatazama chini, maana 500x ikizidishwa kwa −2x inatoa x² yenye alama ya kutoa, kwa hiyo ncha ni kilele.

Wengi huishia hapo, na muuzaji yeyote wa Kiborloni angewacheka. Mauzo si faida. Kama kila shati alilitoa kwenye belo kwa sh 3,000, anachobaki nacho kwa kila shati ni 2,000 + 500x, na faida ni (2,000 + 500x)(40 − 2x). Sifuri sasa ziko −4 na 20, katikati 8. Bei sh 9,000, mashati 24, faida sh 144,000. Kwa ile bei ya 7,500 faida ingekuwa 4,500 × 30, sh 135,000. Kwa bei ya mwanzo sh 80,000. Kuibadilisha gharama kumesogeza sifuri moja, na sifuri ikisogea, katikati nayo inasogea kwa nusu ya hatua hiyo: kutoka −10 hadi −4 ni hatua 6, kutoka 5 hadi 8 ni hatua 3. Udhaifu wa mfano uko kwenye ule "kila sh 500, mashati 2". Soko halinyooki kama rula, na siku ya mvua mashati 40 hayauziki kwa bei yoyote. Lakini kama una hesabu za wiki kadhaa kwenye daftari, hilo ndilo unaloweza kulikadiria, na kilichobaki ni katikati.

Hesabu za viwanja ndizo zenye jibu la kutupwa. Bustani ya mboga yenye urefu unaozidi upana kwa mita 5 na eneo la mita za mraba 84, upana tukiuita w: w² + 5w − 84 = 0, katikati −2.5, d² = 6.25 + 84 = 90.25, d = 9.5, majibu 7 na −12. Upana ni mita 7. Ile −12 iandike, kisha sema kwamba upana hauwezi kuwa hasi. Ukiifuta kimyakimya msahihishaji hajui kama uliiona.

Ila si kila jibu la pili ni la kutupwa. Kipa pale Uwanja wa Ushirika akipiga mpira kwenda juu kwa mwendo wa wima wa mita 20 kwa sekunde, na tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10 badala ya 9.8, kimo chake ni h = 20t − 5t². Toa 5t nje: 5t(4 − t). Sifuri ziko 0 na 4, katikati sekunde 2, kilele mita 20. Ukiulizwa mpira uko mita 15 lini, t² − 4t + 3 = 0 inakupa sekunde 1 na sekunde 3. Yote ni kweli: ya kwanza ukipanda, ya pili ukishuka. Anayetupa moja kwa mazoea ya bustani amekosa.

Na tahadhari moja kuhusu mchoro huo. Ukichora h dhidi ya t unapata parabola nzuri inayofanana sana na njia ya mpira angani, na watu huamini ndiyo yenyewe. Siyo. Mhimili wa chini ni wa sekunde, si wa mita za uwanja. Mpira uliopigwa wima kabisa, ukapanda na kurudi palepale mikononi mwa kipa, una grafu hiyohiyo bila tofauti hata nukta moja. Kwa hiyo andika kwenye mhimili: t, sekunde.